Bibi kwa kasi ya mbili

Novemba 2024 WhatsApp walitangaza kwamba simu itaweza kukugeuzia ujumbe wa sauti uwe maandishi, ili ukiwa darasani au kwenye basi usome badala ya kusikiliza. Chamani kwetu habari hii ilipokelewa kwa shangwe iliyodumu kama dakika tatu, yaani mpaka mtu alipofungua orodha ya lugha. Kiingereza kilikuwemo, Kihispania, Kireno na Kirusi vilikuwemo, na kwenye iPhone hata Kifini kilikuwemo. Kiswahili hakikuwemo. Ufini nzima haina watu milioni sita. Kiswahili, ambacho UNESCO imekitengea siku yake ya tarehe 7 Julai, kikaachwa mlangoni na viatu vya wageni.

Kwa wasomaji wapya, tuseme kwanza sisi ni nani. Tuko kumi na kitu katika chama hiki, na karibu wote tumezaliwa Uingereza au tuliletwa tukiwa wadogo. Wengine kwao ni Mombasa, wengine Unguja na Tanga, wawili Bukavu, mmoja Bujumbura, na mmoja familia yake ilihamia Muscat kabla hajazaliwa, huyo Kiswahili chake kina Kiarabu kingi kuliko chetu sote. Kinachotuunganisha ni kwamba Kiswahili kilituingia kwa masikio. Tulikisikia jikoni, ndani ya gari, na nyuma ya mlango wazee walipokuwa wanazungumza mambo wasiyotaka tuyajue. Kukiandika hatukufundishwa. Ndiyo maana makala haya yamepita mikono minne kabla ya kukufikia, na mhariri bado anayaangalia kwa jicho baya.

Kwa watu kama sisi, ujumbe ulioandikwa kwa Kiswahili ni kazi ya nyumbani. Binamu akiandika kwa vifupisho vya vijana wa Dar es Salaam, tunasoma mara tatu. Akisema, tunaelewa palepale, na tunajua pia kama amechoka, kama ana njaa, kama kuna mtu pembeni anamsikiliza. Kwa hiyo wakati wengi wetu tunalalamika kuhusu ile orodha, wawili walisema: heri kisiwemo. Ubishi ukaanza, na ajenda ya siku hiyo, iliyokuwa kuchagua chakula cha sherehe, haikuguswa.

Wanaotaka maandishi wana sababu zao, nasi hatuzidharau. Baba mdogo wa mwenzetu anaishi Dubai, ambako kupiga simu kwa WhatsApp kumefungwa kwa miaka mingi, kwa hiyo yeye kila jambo analituma kwa sauti, vipande kwa vipande, kama redio inayokatika. Juzi alituma maelezo ya mtu atakayepokea mzigo Tanga. Namba ya mtu huyo iko mahali fulani kati ya dakika ya nne na ya sita, baada ya habari za joto na kabla ya habari za mchumba wa mtu. Ukiikosa, unarudi nyuma. Ukirudi nyuma sana, unasikiliza tena habari za joto. Maandishi yangekuwa na namba hiyo waziwazi, uinakili, umalize.

Upande wa pili walijibu kwa mfano mmoja, na mfano huo ulitunyamazisha. Mwenzetu wa Mombasa alipokea ujumbe wa bibi yake. Bibi alisalimia, akauliza masomo, akauliza baridi, akasema yeye hajambo kabisa, ila tumuombee. Lakini "sijambo" ile ilitoka kwa sauti ya mtu aliyelala chini, na bibi yule mchana halali. Mwenzetu akampigia mjomba wake anayekaa mtaa wa pili, mjomba akaenda, akamkuta bibi kitandani, presha imepanda, na dawa zilikwisha tangu wiki iliyopita. Hakutaka kumsumbua mtu. Maandishi yangeandika nini? Yangeandika: sijambo.

Hapo ndipo likaja suala la kasi. Tangu 2021 WhatsApp inakuruhusu kusikiliza ujumbe kwa kasi ya moja na nusu au mara mbili. Karibu sote tunaitumia kwa marafiki, na kwa wenzetu wa kazi za kundi tungependa hata mara nne. Lakini bibi? Bibi kwa kasi ya mbili anasikika kama dalali wa mnada wa samaki. Mmoja wetu alisema hilo ni utovu wa adabu moja kwa moja: mbele yake huwezi kumwambia mkubwa "fanya haraka", basi kwa nini umwambie mgongoni? Mwingine akajibu kwamba bibi hajui, na asichokijua hakimuumi. Mwingine tena akasema yeye husikiliza salamu kwa kasi ya kawaida, kwa heshima, halafu anaongeza mwendo zinapokuja habari.

Maoni yetu, baada ya kupiga kura ya mikono, ni kwamba huyo wa mwisho amegeuza mambo. Ujumbe wa mzee haujengwi kama barua ya ofisi. Salamu kwanza, kisha mmojammoja anaulizwa kwa jina, kisha mvua, kisha nani kajifungua na nani kafiwa, na lile jambo lenyewe linakuja mwishoni, kwa sauti ya chini, karibu na kwaheri. "Haya, na ule mguu umeanza tena kidogo." Kwa kasi ya mbili, mguu huo unapita kama bei ya vitunguu.

Kwa vile sisi ni watu wa kujaribu vitu, tulichukua programu nyingine ya kugeuza sauti, inayodai kukijua Kiswahili na kukitafsiri kwa Kiingereza, tukaipa sauti kumi kutoka kwenye simu zetu kwa ruhusa ya wenyewe. Mama mdogo wa Unguja alisema atapiga saa mbili usiku. Programu ikaandika kwamba atapiga saa nane za usiku, yaani ilichukua ile mbili ikaiacha mbili kwa saa ya Kizungu. Tulicheka wote isipokuwa mgeni wetu Mwingereza anayejifunza Kiswahili mwaka wa kwanza, ambaye aliuliza kwa upole kama watu wa Unguja hawalali. Nyanya wa Mombasa, aliyeshikwa na homa, aligeuzwa kuwa nyanya ya kachumbari yenye homa. Na ujumbe wa Bukavu, ambako watoto ni batoto na wanakuja ni banakuya, na Kifaransa kinaingia kila baada ya maneno matano, ulitoka kama orodha ya majina ya vijiji visivyokuwepo.

Sababu yake si uchawi. Mashine hizi hujifunza kwa kusikilizishwa. Mfumo wa Whisper, ambao OpenAI waliutoa Septemba 2022, ulifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na katika hizo, lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana saa kama 117,000 tu za kusikia na kuandika. Hazikugawana sawa, na fungu la Kiswahili lilikuwa dogo mno. Zaidi ya hapo, Kiswahili kinachopatikana kwa urahisi ni cha habari: mtu mmoja, studio tulivu, sentensi iliyonyooka. Bibi hayupo studio. Ana jogoo, ana mjukuu anayelia, ana muuza maji anayepita, na anasema ndia badala ya njia kwa sababu ndivyo ilivyo kwao tangu kabla ya Kiswahili sanifu.

Kuna mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao watu hujitolea kusoma sentensi kwa sauti na wengine kukagua, na sauti hizo zinakuwa mali ya umma. Kiswahili kimo. Wanne wetu tumeanza kusoma sentensi huko jioni, na tunakiri inafurahisha kuliko tulivyodhani, hasa pale sentensi ya kilimo cha mihogo inapofuatwa na ya sheria za bunge. Tunasoma kwa lafudhi zetu za Leicester na London na hatuoni haya. Hicho nacho ni Kiswahili kinachosemwa duniani. Lakini sauti za wazee wetu hatuzipeleki popote. Walizungumza na sisi, hawakuzungumza na mashine. (Akili bandia, akili unde, akili mnemba: tukiamua jina, tutawaambia.)

Wazazi wetu wanatushangaa kwa ubishi huu. Wao walikuwa na kaseti. Mtu alikaa na redio mezani, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akasema upande mzima, akageuza, akasema upande wa pili, kisha kanda ikasafiri ndani ya begi la mtu anayekuja Ulaya, pamoja na samli na dagaa. Majibu yalichukua miezi. Baadaye zikaja kadi za simu za kukwangua, ambazo dakika zilizoandikwa juu yake hazikuwahi kufika. Baadaye Skype, iliyoanza 2003 na kufungwa tarehe 5 Mei 2025, bila sisi kuhudhuria mazishi. Katika hivyo vyote, kilichobaki ni kaseti. Nyumba tatu kati ya zetu zina sanduku la viatu lenye kanda za miaka ya themanini, na sanduku hilo halijawahi kumwambia mtu kwamba nafasi imejaa.

Simu zetu zinatuambia hivyo kila wiki. Zamani nakala ya akiba ya WhatsApp kwenye Android ilikaa Google Drive bila kuhesabiwa. Tangu 2024 inahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure, pamoja na picha na barua pepe. Watu wanafuta. Na wanapofuta wanafuta kwa mafungu. Jambo la kuudhi ni kwamba sauti hazina uzito: dakika nzima ya ujumbe wa sauti haifiki hata megabaiti moja. Zinazokula nafasi ni video za harusi, hasa ile ya dakika arobaini ambayo mpigaji aliielekeza kwenye feni. Lakini sauti ziko kwenye fungu lilelile, zinaondoka nazo.

Mwenzetu wa Tanga alifiwa na babu yake mwezi wa Februari. Wiki mbili kabla ya hapo simu ya mama yake ilianguka majini, na nakala ya akiba ilikuwa imesimama tangu mwaka uliopita kwa sababu ya hiyo nafasi. Sauti za babu za mwaka mzima zikaenda. Basi mama akaomba kwenye kundi la familia: mwenye sauti ya baba atume. Zikaanza kuja, kutoka Muheza, kutoka Dodoma, kutoka kwa shangazi wa Toronto. Nyingine zilikuwa sekunde nne: "Haya mwanangu, nimeipata." Pesa hiyo aliyoipata ilikuwa ya dawa. Zote zilipokusanywa hazikutimia dakika ishirini na tano.

Arobaini ilipokaribia, kijana mmoja wa familia, mwenye nia njema, alisema dakika ishirini na tano zinatosha. Siku hizi zipo programu zinazochukua sauti ya mtu na kuifanya iseme chochote. Akapendekeza babu awashukuru wageni waliokuja kwenye dua, kwa sauti yake mwenyewe. Aliandika na maneno, na maneno yalikuwa mazuri. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba yangu hakusema hayo." Kijana akasema ni kama picha tu, mbona tunatundika picha ukutani. Mama akasema picha haijamwekea mtu maneno mdomoni.

Chamani tuligawanyika hapa pia, na kura haikupigwa kwa sababu mwenye msiba alikuwemo chumbani. Wengine wetu tunaona watoto wadogo waliozaliwa huku, ambao hawakumjua babu, wangefaidika kumsikia akiwasimulia jambo. Lakini tulio wengi tuko upande wa mama. Kiswahili chetu tumekipata kwa wazee hawa, neno kwa neno, na makosa yao na jogoo wao. Tukianza kuwatungia sentensi, baada ya miaka kumi hatutajua tulichokisikia kwao na tulichokiandika wenyewe.

Kwa sasa tumefanya jambo dogo. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili jioni (ya Kiswahili, tafadhali), tunakutana chumba cha chini cha maktaba na laptopu na nyaya. Kwenye simu za Android sauti hukaa kwenye faili lake, na jina la kila moja linaanza na PTT ikifuatiwa na tarehe, kwa hiyo si kazi ngumu kuzipata. Tunazinakili kwenye diski mbili, moja ya mwenyewe, moja ya nyumbani kwao. Kisha mwenye sauti anaandika kwenye daftari: nani anasema, yuko wapi, alikuwa anajibu nini. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu imla ya Kiswahili inatutoa jasho, na mwenzetu wa Bujumbura peke yake ndiye anayeandika bila kuuliza. Njoo na chaji yako. Tunazo mbili tu na zote zina matatizo.

Mwezi uliopita tulikuwa tunanakili sauti za yule bibi wa Mombasa, ambaye sasa anatumia dawa zake na anamlalamikia mjomba kwamba anamfuatafuata. Kulikuwa na moja ya dakika kumi na moja. Mazungumzo yanaisha kwenye ya tisa, anaaga, anaombea dua. Dakika mbili zilizobaki ni mvua juu ya bati, na mara moja tu anasikika akimuuliza mtu mwingine, "Hii inazimwa wapi?" Tumeiacha kama ilivyo.