Mosocho, ambako gemu bado hushikwa mkononi

Ukitoka Kisii mjini kuelekea Kisumu, usithubutu kusinzia garini. Mosocho si mbali. Kabla hujamaliza kutafuta sarafu za kumlipa utingo tayari umefika, na utingo wa njia hiyo hana subira ya kumrudisha abiria aliyepitiliza. Mwandishi wa makala haya alipitiliza. Nilikuwa nimebanwa katika Probox, gari ambalo waliolitengeneza walilikusudia watu watano, na ambalo asubuhi hiyo ya Jumamosi lilikuwa na watu tisa, mkungu wa ndizi na kuku mmoja aliyekaa kwa adabu kutushinda sote. Ilinibidi nirudi kwa pikipiki.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Mosocho ni kituo cha biashara katika kaunti ya Kisii, kando ya barabara kuu, na kimezungukwa na vilima vya kijani ambavyo havina hata shubiri moja iliyoachwa wazi. Migomba inapoishia ndipo mahindi yanapoanza, na mahindi yanapoishia kuna paa la bati la mtu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa kaunti hii ina zaidi ya watu milioni 1.2, ilhali eneo lake ni dogo, kiasi cha kilomita 1,300 za mraba. Hapa mpaka wa shamba ni jambo zito. Ukitaka mzee wa Kigusii akusikilize vizuri, taja hatimiliki.

Wengi humu nchini walilisikia jina la Mosocho kwa sababu ya shule. Shule ya Upili ya Cardinal Otunga ilianzishwa mwaka 1961 na mabruda wa shirika lenye makao Tilburg, Uholanzi, na jina ililo nalo ni la Maurice Otunga, aliyekuwa askofu wa Kisii kuanzia mwaka 1960, kisha akapewa ukadinali mwaka 1973. Wavulana kutoka pembe nyingi za nchi wamepitia pale. Wanapofunga shule, kituo huchangamka, na sehemu ya uchangamfu huo ndiyo iliyonitoa Nairobi.

Shangazi yangu ameolewa huku. Wiki moja kabla ya safari alinipigia simu jioni na wala hakusalimu sana. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika, shilingi 60,000, na kijana wake, aliyemaliza chuo na kukaa nyumbani mwaka mzima bila kazi, alitaka fedha hizo zinunue mashine ya michezo ya video ili afungue kibanda pale sokoni. "Wewe ndiwe wa Nairobi," shangazi akaniambia. "Njoo unieleze kama hii ni kazi ama ni watoto wananichezea akili."

Sikuweza kumkatalia. Isitoshe, nilikuwa na kidonda changu mwenyewe katika mambo hayo.

Miezi kadhaa iliyopita nilimnunulia mwanangu wa miaka tisa michezo sita kwa mpigo. Sikununua diski. Muuzaji mmoja wa katikati ya jiji aliniambia diski ni mambo ya zamani. Yeye angeniwekea michezo hiyo ndani ya PlayStation 4 yetu kupitia akaunti, kwa bei ya chini ya nusu. Nikalipa. Mtoto alicheza miezi saba kwa raha. Kisha siku moja akaniita sebuleni, nikakuta kila picha ya mchezo kwenye runinga imewekewa alama ndogo ya kufuli. Akaunti haikuwa yangu. Ilikuwa ya muuzaji, aliyekuwa ameiuza kwa wengine pia, na mtu fulani katika mnyororo huo alikuwa amebadilisha neno la siri. Simu ya muuzaji haikupatikana tena. Mtoto aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Baba, si tulinunua?"

Basi nilifika kwa shangazi nikiwa tayari nimeegemea upande mmoja. Nilimwamkia kwa "Bwakire" yangu ya kuungaunga, akacheka, akanikaribisha chai na ndizi za kuchemsha, na kabla sijamaliza kikombe binamu yangu akaanza kunieleza mpango wake.

Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni PlayStation 5 moja iliyotumika, ile isiyo na mdomo wa kumeza diski. Mashine hiyo ilipoanza kuuzwa Novemba mwaka 2020 ilitoka kwa namna mbili, yenye mdomo na isiyo nao, na hii ya pili huwa nafuu. Muuzaji alikuwa ameahidi kuitoa kwa 55,000 ikiwa imejazwa michezo ishirini kupitia akaunti yake. Njia ya pili ni PlayStation 4 mbili kuukuu, 25,000 kila moja, na 10,000 zilizosalia ziende kwenye diski. Moyo wa binamu yangu ulikuwa kwenye ile mpya. Nani angemlaumu? Picha zake zinang'aa, na vijana wangetoka hadi mjini kuja kuiona.

"Kaka, diski hukwaruzika," akaniambia. "Diski huibwa. Mtoto akiikalia, imekwisha. Hii ya akaunti hakuna mtu anaweza kuiweka mfukoni aende nayo."

Ni kweli tupu, na sikumpinga. Nilimwomba tu tushuke sokoni tumwone mtu anayeifanya kazi hiyo tayari.

Kibanda chenyewe ni cha mabati, kando ya kinyozi. Ndani mna runinga mbili, PlayStation 4 mbili, PlayStation 3 moja iliyozeeka, na mabenchi ya mbao. Mwenye kibanda ni kijana wa makamo ambaye haruhusu sare za shule kuvuka mlango wake, hata iwe Ijumaa saa tisa. Anasema anataka kulala kwake kwa amani na walimu na wazazi. Malipo ni shilingi 20 kwa mechi, na anayelipa ni aliyeshindwa. Utaratibu huu huwafanya watu wacheze kama wanaopigania kombe la dunia.

Hazina yake ameiweka ndani ya mkebe wa biskuti. Aliufungua taratibu, kama mama anayefungua sanduku la vyombo vya wageni. Diski kumi na saba, kila moja ndani ya bahasha ya karatasi yenye jina lililoandikwa kwa kalamu. Lakini zilizo zake hasa, akaeleza, ni kumi na moja. Sita ni za mwenzake wa Nyakoe, naye amempa huyo wa Nyakoe tano zake. Kila baada ya wiki mbili hivi hubadilishana, na mizigo hiyo hubebwa na mwendesha bodaboda. Kuna FIFA 18 moja, yenye picha ya Cristiano Ronaldo, ambayo imefika Suneka, ikaenda Oyugis, ikarudi Mosocho. Inazuru wananchi kuliko viongozi wetu wengi waliochaguliwa.

Hapo ndipo nilipomwona binamu yangu ameanza kusikiliza. Kwa fedha za diski kumi na sita, mtu huyu anachezesha michezo kumi na saba, na mwezi ujao itakuwa mingine. Mchezo ulio ndani ya akaunti hauwezi kuazimwa Nyakoe. Wala hauwezi kuuzwa wateja wakiuchoka. Mwenye kibanda alikuwa ameuza diski mbili mwezi uliotangulia, 1,200 kila moja, akaongeza kidogo akanunua nyingine.

Nikawaambia jambo la FIFA, kwa maana wengi hawalijui. Mkataba kati ya kampuni ya EA na shirikisho la kandanda la dunia ulipokwisha, mchezo ulibadilishwa jina, na Septemba mwaka 2023 ukatoka ukiitwa EA Sports FC 24. Mwezi huo huo, FIFA za miaka iliyotangulia ziliondolewa katika maduka ya mtandaoni. Aliyekuwa amenunua aliweza kuendelea kupakua, lakini mnunuzi mpya alikuta rafu ni tupu. Hivyo leo anayeitaka FIFA 18 hana budi kutafuta diski. Ile iliyo katika mkebe wa biskuti pale Mosocho haijaondolewa na mtu.

Sitaki msomaji afikiri kwamba diski ni mwamba usiotikisika. Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa mchezo wa magari uitwao The Crew, ambao ulihitaji kuunganishwa na seva za kampuni wakati wote. Tarehe 31 Machi mwaka 2024 seva zikazimwa, na waliokuwa na diski wakabaki na kisosi cha plastiki. Kelele ilikuwa kubwa, na jimbo la California likapitisha sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mnunuzi wazi kwamba anachopewa ni ruhusa ya kutumia tu. Nayo Nintendo, katika mashine yake ya Switch 2 iliyotoka Juni mwaka 2025, imeruhusu kadi ambazo ndani yake hamna mchezo. Mna ufunguo wa kukuwezesha kuupakua. Ni kama kununua mkungu ukapewa risiti uende kuvuna mwenyewe.

Na kupakua huko kwa mtu wa Mosocho si mchezo. Mchezo mmoja mkubwa wa siku hizi hufika gigabaiti 100. Vijana niliowakuta pale hununua bando za shilingi 20 na 50. Kuna tatizo jingine ambalo wazazi wa mjini pia hawalitambui: hadi mwaka 2024, Kenya haikuwamo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na duka la mtandaoni la PlayStation. Wengi wetu tulijisajili kama wakazi wa Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, tukilipa kwa kadi za zawadi. Ukipata hasara katika nyumba uliyoingia kwa jina la kuazima, utamlilia nani?

Mvua ya mchana ilitukuta tungali pale. Anayeijua Gusii anajua kwamba mvua hiyo haiombi ruhusa. Kibanda kilijaa ghafla, mabati yakaanza kunguruma hata tukawa tunasemezana kwa ishara, na mashine ya pili ikawashwa. Nikamwona kijana mmoja akichukua diski yenye mikwaruzo na kuipaka dawa ya meno. Mwenye kibanda akamkemea vikali. Kwa diski za PlayStation 2, akasema, dawa hiyo ilisaidia, kwa sababu habari zake zimefichwa katikati ya plastiki. Diski za PlayStation 4 ni za aina ya Blu-ray. Habari zake ziko karibu kabisa na uso unaosomwa, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, na ukisugua unaweza kuharibu kile unachotaka kuokoa. Yeye hutumia kitambaa laini na maji, akipangusa kutoka katikati kwenda pembeni. Hayo hakuyasomea popote. Aliharibu diski tatu ndipo akajifunza.

Jioni tuliketi kwa shangazi. Binamu yangu alieleza yote, bila kuficha upande wowote, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema bado picha za ile mpya ni nzuri zaidi. Shangazi alikuwa akichambua chinsaga kwenye ungo, hakuinua macho.

"Huyo wa Nairobi," akauliza, "mkikosana naye, anaweza kufunga hiyo michezo akiwa huko huko Nairobi?"

"Anaweza, mama."

"Na biashara ikikataa, hiyo michezo ishirini nitamuuzia nani?"

Kijana akanyamaza.

"Marehemu baba yenu alikaa miaka minane kortini kwa ajili ya mpaka wa hatua nne," shangazi akaendelea. "Karatasi ndiyo iliyomwokoa. Mimi sitoi fedha za chama kwa kitu ambacho mwenyewe ni mtu mwingine."

Sikuongeza neno. Hata kisa cha mwanangu sikukitaja; kilikuwa hakihitajiki tena, na kusema kweli kilikuwa kinanitia aibu kidogo mbele ya mwanamke ambaye hajawahi kushika pedi ya kuchezea na alikuwa ameliona tatizo kwa dakika mbili.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya ibada, alitoa daftari lake la mahesabu, lile la ndizi na maparachichi, akachora mistari ukurasa mpya. Akamwamuru kijana aandike kila diski atakayoinunua, bei yake, na jina la atakayeiazima. Kijana alilalamika kwamba hiyo ni kazi ya maktaba. Aliandika hivyo hivyo.

Nilipopanda gari la kurudi, safari hii nikiwa macho, yule mwenye kibanda alinifuata mbio akiwa na bahasha ya karatasi. Alikuwa amesikia habari za mwanangu kutoka kwa binamu yangu, ambaye inaonekana hakuniwekea siri. Ndani mlikuwa na ile FIFA 18 iliyozunguka Suneka na Oyugis. Mashine yetu ya Nairobi ina mdomo wa diski, ingawa tangu tuinunue mdomo huo haujawahi kumeza kitu ila vumbi.

"Mpelekee kijana," akasema. "Lakini ni ya kuazima. Desemba naitaka hapa, wa Nyakoe ameiulizia."