Paa la Mama, Kaole

Watu husema makuti yaliondoka pwani kwa sababu maendeleo yaliingia. Kwetu Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo mjini, mimi niliona minazi ndiyo iliyotangulia kuondoka.

Utotoni mwangu paa halikununuliwa dukani, lilitoka shambani kwa babu. Masika yakikaribia, mama, shangazi na majirani walikaa chini ya mwembe wakishona makuti ya viungo: jani linakunjwa juu ya kijiti, linalaliwa na lenzake, linashonwa kwa ukindu mpaka kijiti kinajaa. Yale ya kumba, yanayosukwa, yalikuwa ya ua na choo. Wanaume ndio walioezeka, wakianzia upenuni kwenda juu ili kila safu ifunike kichwa cha safu ya chini. Paa lenyewe lilikuwa la mwinuko mkali, maji yasipate pa kutuama. Lilikaa miaka mitano, sita, kazi ikarudiwa. Ndani palikuwa na ubaridi hata joto la kaskazi likizidi.

Kisha minazi ikaugua. Nazi changa zilidondoka, makuti yakageuka manjano, kichwa kikaanguka, likabaki gogo tupu limesimama. Maradhi hayo ya kunyong'onyea yamewahangaisha watafiti wa kituo cha kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam, kwa miaka mingi. Minazi iliyopona ilikatwa viwanja vilipoanza kuuzwa, barabara ya Dar es Salaam ilipowekwa lami. Makuti yakawa ya kununua, na hoteli za ufukweni zinayanunua kwa bei tusiyoiweza. Mwaka 2002 ukumbi wa maonyesho wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ulioezekwa kwa makuti, uliungua. Kwetu, aliyekuwa akisitasita akaenda kuulizia bati.

Letu la kwanza lilikuwa geji 32. Kwenye geji namba ikipanda bati huwa jembamba, na jembamba ndilo tulilolimudu. Kutu haikuanzia pale mvua inapopiga. Ilianzia chini ya upenu, pale bati linapolalia bati lenzake, na kuzunguka kila msumari. Kote huko chumvi ya bahari hukaa bila kuoshwa. Mwishowe ukiinua macho saa sita mchana, uliona vitundu vya mwanga chumba kizima.

Wakati wa kubadilisha, mama alitaka makuti.

"Mama, makuti ya nyumba nzima siku hizi ni ya wenye hoteli," fundi alimwambia.

"Basi, mwanangu, nitafutieni bati lisilonichoma."

Dukani walitusukumia bati la aina ya msauzi, la maruni, geji 30, ndilo lililokuwa likienda. Nikakataa: rangi nzito hunywa jua. Tulichukua geji 28 la migongo mipana, lililopakwa alumini na zinki, rangi ya maziwa. Tukaweka dari, na juu yake tukaacha matundu ya hewa pande zote mbili. Kila jioni fundi alifagia chenga za chuma zilizotokana na kukata na kutoboa, maana zikilala na umande huanza kutu zenyewe kisha zinalitia bati madoa.

Ubaridi wa makuti haukurudi, na mvua ikinyesha hatusikilizani. Lakini maji ya kisima chetu yana chumvi, na kuti halikuwahi kutupa maji ya kunywa. Sasa mfereji wa bati unajaza tangi, na chai ya mama imeacha kuwa na ladha ya bahari.