Roketi Iliyoandikwa Katika Sheria



Tulipokuwa tukisoma kuhusu bajeti ya taifa, mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kwa nini Wamarekani, wenye matajiri wanaounda roketi zao wenyewe, bado wanailipia roketi ya serikali ya kuwapeleka mwezini. Nilimjibu upesi kwamba serikali hupenda ubadhirifu. Jibu hilo lilininyima usingizi.

Roketi hiyo huitwa SLS. Haikuanzia katika karakana, bali Bungeni. Sheria ya mwaka 2010 iliiagiza NASA, shirika la anga za juu la Marekani, iiunde, na kila iwezekanapo itumie mikataba, wafanyakazi na mitambo ya vile vyombo vilivyokuwa vikienda angani na kurudi, ambavyo vilistaafishwa mwaka 2011. Nia haikuwa mbaya: ajira za majimbo mengi zilikuwa hatarini, na ujuzi ukitawanyika ni vigumu kuukusanya tena. Lakini tazama matokeo. Injini nne zilizosukuma safari ya kwanza zilikuwa zimekwisha kuruka na kurudi salama hapo awali. Safari hii ziliishia baharini. Sheria ilitaka roketi iwe tayari ifikapo mwisho wa 2016. Iliruka Novemba 2022. Machi mwaka huohuo, Mkaguzi Mkuu wa NASA, Paul Martin, aliliambia Bunge kwamba kila safari kati ya nne za mwanzo, pamoja na chombo cha wanaanga na huduma za kituo cha kurushia, ingegharimu dola bilioni 4.1. Alisema gharama hiyo haihimiliki.

Sehemu kubwa ya tatizo ni aina ya mkataba: mkandarasi hurudishiwa gharama zake zote, kisha hulipwa faida juu yake. Yeyote aliyewahi kumlipa fundi kwa siku anaijua hali hiyo. Shule moja niliyofundisha ilijenga choo kwa mtindo huo, na mvua zikatukuta ukuta haujafika kiunoni. Tukatafuta fundi mwingine, tukapatana bei ya kazi nzima, akamaliza kwa wiki tatu. Mlango, hata hivyo, haukufunga hadi leo.

Mlango ule ndio ulionionyesha wepesi wa jibu langu. Chukua Europa Clipper, chombo cha kuchunguza mmoja wa miezi ya sayari ya Mshtarii. Kwa miaka kadhaa Bunge lilishurutisha kirushwe kwa SLS. Sharti lilipolegezwa, NASA ililipa kampuni ya SpaceX takriban dola milioni 178, nacho kikaruka Oktoba 2024. Mlipakodi alipumua. Ila SLS ingekifikisha moja kwa moja kwa muda usiozidi miaka mitatu. Badala yake kilipangiwa kizungukie Mirihi, kirudi karibu na Dunia, ndipo kifike mwaka 2030.

Nilirudi darasani nikakiri kosa langu. Mwanafunzi yule akauliza kama yule mkaguzi alifukuzwa. Kwa kauli ile, hapana. Alifukuzwa Februari 2025, akiwa mkaguzi wa shirika jingine la serikali, siku moja baada ya ofisi yake kutoa ripoti isiyowapendeza wakubwa. Kipindi kijacho tutasoma habari za ofisi ya mkaguzi wa hesabu za serikali hapa kwetu Uganda.