Piko ya Maulidi (Sehemu ya 6)

Nilikuwa nimeahidi kwamba leo tutamalizia homa za watoto, lakini Mfungo Sita umeingia na tangu juzi wageni wanashuka kwenye boti za Mokowe na mabegi yao. Kwa hiyo homa itangoja kidogo. Leo nataka tuongee juu ya mikono ya watoto wetu, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Kwa mnaosoma kutoka mbali na hamjawahi kufika Lamu: hapa kwetu tuna sherehe nyingi, ila Maulidi ni Maulidi. Chimbuko lake ni Habib Swaleh, sharifu aliyehamia hapa karne ya 19, na kitovu chake mpaka leo ni Msikiti wa Riyadha. Watu huja kutoka Mombasa, Malindi, Tanga, Unguja, hadi Ngazija. Kuna mashindano ya punda, ya mashua, ya kuogelea na ya bao. Wazee wanacheza goma na bakora zao, usiku matari yanalia mpaka usingizi unakukimbia, na siku ya kilele kuna zefe, mji mzima uko njiani. Wanawake tunasimama madakani na madirishani, mtoto kiunoni, asumini kichwani, tunaangalia watu wetu wakipita.

Lakini kwa sisi na wasichana wetu, Maulidi huanza kabla ya hapo. Huanza na nguo mpya, mahamri ya wageni, na maua ya mkononi.

Mwaka huo ninaousema, binti yangu alikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimelala saa mbili tu, akaja kunivuta leso. "Mama, wenzangu wote wamepakwa. Mimi nataka ile nyeusi." Nikamwambia tutapaka hina ya kusaga, nitamchanganyia mwenyewe jioni. Akaanza kulia. Hina ni ya bibi, akasema, inachukua muda, tena haiwi nyeusi.

Nami nilikuwa nimechoka, mama zangu. Nilijua piko si hina. Nilijua vizuri sana. Mwaka mmoja kabla, mama alimleta mtoto wake kwetu, mkono umevimba na malengelenge yamefuata ua kama limechorwa kwa moto. Nilimfokea yule mama mbele ya watu. "Nyinyi mnaambiwa hamsikii!" Aliinama tu, hakunijibu.

Lakini nikajipa sababu. Kwanza, Idi Kubwa alipakwa piko kwa shangazi yake na hakudhurika. Pili, mpakaji ni jirani yetu, mtu mzima ninayemheshimu, mikono yake inajua maua kuliko yeyote mtaani. Nikatoa shilingi 200, nikarudi kulala.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Alirudi na mikono mizuri, wallahi. Majani membamba kutoka kidole mpaka kwenye kiwiko, meusi tii.

Jumanne akaanza kujikuna. Nikampaka mafuta ya nazi. Jumatano alfajiri aliniamsha akilia, na nilipowasha taa nikauona mkono ule ule wa mwaka uliopita, ila safari hii ni wa mwanangu. Kila jani limeinuka, limejaa maji.

Nilimfunika na leso nikampeleka hospitali ninayofanya kazi mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi pamoja na mama wengine, nikivuta buibui usoni ili wenzangu wasinione. Mmoja aliniona. Akamfunua mtoto mkono, akaniangalia, hakusema neno. Afadhali angenifokea.

Alhamisi zefe lilipita. Sisi tulilisikia tukiwa ndani. Mtoto alikuwa na mkono juu ya mto, nguo yake mpya imetundikwa ukutani, ananiuliza, "Mama, sasa wamefika wapi?"

Sasa niwaeleze kilichotokea, kwa sababu wengi huniambia, "Mbona wangu alipakwa mwaka jana na hakuwa na neno?"

Hina ni jani la mhina lililokaushwa na kusagwa. Unga wake ni wa kijani, unanuka majani, na unapokwangua rangi huwa ya chungwa kwanza. Baada ya siku moja au mbili ndipo inakolea kuwa nyekundu iliyoiva au kahawia. Hina ya kweli haiwi nyeusi kama wino kwa nusu saa. Haiwezi.

Piko ni rangi ya nywele. Kinachoipa weusi ule ni kemikali inayoandikwa kwa herufi PPD. Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele ikiwa haizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, na hata hapo si ya kupakwa kwenye ngozi. Sisi tunaichora moja kwa moja kwenye ngozi ya mtoto, nzito, tunaiacha ikauke. Na hakuna anayepima.

Mara ya kwanza mwili unaweza kunyamaza. Lakini kunyamaza si kukubali. Ndani ya ngozi, kinga ya mwili inaweza kuwa imeishika sura ya kemikali ile kama adui. Mara ya pili ikija, inapigana nayo, na vita hivyo ndivyo muwasho, uvimbe na malengelenge, mara nyingi baada ya siku moja mpaka tatu. Ile Idi niliyojifariji nayo ndiyo huenda ilimtayarisha mwanangu kuungua Maulidi.

Na jambo hili huwa ni la maisha. Mwanangu hatakiwi tena kuguswa na piko, wala rangi nyeusi ya nywele yenye PPD, hata akiwa bibi harusi, hata akiwa na mvi. Nimeliandika kwenye daftari lake la kliniki kwa wino mwekundu, na nimemfundisha kulisema mwenyewe, kwa sababu siku moja atakuwa saluni na mimi sitakuwepo.

Baada ya Maulidi nilimfuata jirani. Nilikaa siku mbili nikijiuliza nitaanzaje. Ni mtu wa umri wa mamangu, na piko hiyo ndiyo iliyolipa karo za watoto wake. Nikamkuta dakani anachagua mchele.

Nikamwambia, "Shikamoo, mama. Nimekuja kwa jambo la mtoto."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Nimeona haya kuja." Kisha akasema, "Lakini mimi napaka watu miaka yote. Wateja wenyewe wanataka nyeusi. Nikikataa, wanakwenda nyumba ya pili."

Sikuwa na jibu la hapo hapo, maana alisema kweli. Nikawa naangalia vidole vyake vikiokota mawe kwenye sinia. Ncha zilikuwa zimepasuka, ngozi imekuwa ngumu, kwingine pana wekundu.

"Mama, vidole hivi vimekuanza lini?"

"Ah, hii sabuni ya unga. Mwaka wa tatu sasa. Usiku inaniwasha mpaka nalia."

Nikamuuliza ikiwa inazidi wakati wa harusi nyingi na Idi. Akaacha kuchagua mchele. Hakunijibu kwa muda. Halafu akasema polepole, "Mwezi wa Ramadhani, nisipopaka, hupoa."

Sikumlaumu, wala yeye hakunilaumu. Nilimshauri aje hospitali aonwe, akaja. Leo hii watoto hawapaki piko kabisa, anawapaka hina tu, na mama akibisha anamwambia, "Nenda ukamuulize sista." Watu wazima wengine bado wanampa piko, na bado anawapaka, akiwa amevaa glavu. Sitawadanganya kwamba amebadilika wote. Lakini watoto wa mtaa huu wamepona, na hilo amelifanya yeye, mimi nilimuuliza swali tu.

Basi, mama zangu, kabla ya zefe la mwaka huu shikeni haya machache.

Muulize mpakaji achanganye mbele yako. Uji wa hina ni wa kijani au kahawia. Ukiuona mweusi toka mwanzo, au ukiambiwa utakolea kwa nusu saa, mshukuru, mchukue mtoto muondoke. Zile koni zilizofungwa tayari za dukani nazo si salama kwa sababu tu zimeandikwa hina. Nyingine zimechanganywa.

Ukitaka hina ikolee, ipake usiku, mtoto alale nayo. Asubuhi ikwangue, usiioshe, paka mafuta ya nazi kidogo na umzuie maji kwa saa chache. Mwambie rangi yake nzuri inakuja siku ya pili, kwa hiyo mpake mapema, siku mbili kabla ya sherehe. Mwanangu sasa anajua kuhesabu siku hizo kuliko mimi.

Mtoto mchanga asipakwe hina yoyote, hata ya kusaga nyumbani, hata siku ya arobaini. Najua hapa bibi watanikasirikia. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Huku pwani, kama sehemu nyingi zilizokuwa na malaria kwa karne nyingi, hali hii si ngeni, na mara nyingi mama hajui kama mtoto anayo. Hina ikipenya kwenye ngozi laini ya mtoto kama huyo inaweza kuvunja chembe za damu yake, akawa manjano, akapungukiwa damu haraka. Maua ya mkononi yatamngoja akue.

Kama tayari umempaka piko na ngozi imeanza kuwasha, osha kwa maji mengi na sabuni isiyo kali. Rangi haitatoka yote, usimsugue. Usipasue malengelenge. Usipake dawa ya meno, wala majivu, wala krimu ya jirani. Mlete hospitali. Akivimba uso au midomo, au akipumua kwa shida, usingoje kupambazuke.

Na ukija, usije umeinama. Anayekupokea akikufokea, mwambie kwamba hata muuguzi mwenzake alikalia benchi hilo hilo.

Yule mama niliyemfokea nilimtafuta. Mji wetu mdogo, haikuchukua muda. Nilimkuta sokoni ananunua ndimu. Nilimwambia nilikosea kusema naye vile mbele ya watu, na nikamweleza yaliyonipata. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Mtoto amebaki na alama?"

Nikasema, "Ndiyo. Imepauka, lakini ukilitazama vizuri jani unaliona."

"Wangu pia," akasema. Akanipa ndimu mbili, tukaagana.

Mwaka huu binti yangu atasimama nami dakani zefe likipita. Mkono mmoja una hina ya jirani, nyekundu iliyoiva. Ule mwingine, wenye alama, amesema usipakwe, anataka uonekane hivyo hivyo ili awaeleze wenzake wakimuuliza. Nimemwachia.

Sehemu ya saba, inshallah, ni juu ya wanja wa watoto wachanga. Nao una mambo yake. Wenye maswali ya hina waniandikie hapa chini, nikitoka zamu nitajibu. Na mkija Riyadha, watoto wachanga muwakinge na jua, mbebe maji, na mtoto anayetembea aandikwe namba ya simu ya mama mkononi. Kwa kalamu ya kawaida, tafadhali.

Maulidi mema.