Kutoka Aiskrimu ya Mpemba hadi Jani la Mgomba

Nikisoma sekondari Moshi, kisa cha Erasto Mpemba tulihadithiwa kama cha shujaa. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliweka kwenye friji maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake hakuyachemsha. Akauliza sababu, akachekwa, akazidi kuuliza hadi alipokutana na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam. Makala yao, iliyodai kuwa hata maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya ya baridi, ilichapishwa 1969, Mpemba akiwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, hapa hapa kwetu juu ya Moshi. Tulijivunia sana, basi.

Nilipoingia uzamili wa sayansi ya kompyuta katika Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, semina ya mantiki na mbinu za utafiti ilikifumua kisa kile. Mwalimu hakutaka kujua kama Mpemba alikuwa sahihi. Alitaka kujua tunapima nini: maji kufika nyuzi 0, au kuwa barafu tupu? Na kipimajoto kimewekwa wapi? Akatupa makala ya mwaka 2016 ya Burridge na Linden, waliorudia majaribio Uingereza, wasione ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hupoa mapema zaidi. Walionyesha kuwa kukisogeza kipimajoto sentimita 1 tu kunatosha kuleta tofauti ambayo haipo.

Wenzangu wengine waliumia, kana kwamba Mpemba katukanwa. Mimi heshima yangu kwake iliongezeka. Alirudia jaribio lake na kulitamka dai lake waziwazi kiasi kwamba, zaidi ya miaka 50 baadaye, watu bado wanaweza kulipinga kwa vipimo. Dai lisilopingika kwa namna yoyote halina kazi maabara.

Mwenzetu mmoja alikuwa anatengeneza programu ya simu ya kutambua magonjwa ya migomba kwa picha za majani. Mwalimu akaandika ubaoni: mgomba wenye mnyauko fuzari majani yake ya chini huwa manjano, majani haya ni manjano, kwa hiyo mgomba huu una fuzari. Darasa likaitikia. Akafuta mstari wa mwisho bila kusema neno.

Wiki hiyo nilimweleza mfano huo mama mkubwa, mwenye kihamba, shamba la migomba la familia, huko Kibosho. Hakuhitaji ubao. Alishika panga, akapasua shina la mgomba mmoja ulionyauka, akanionyesha nyuzi za kahawia zilizopanda ndani yake. Akaniambia, "Mwanangu, jani huwa manjano hata kwa uzee au njaa ya udongo. Hujapasua, utasemaje?"

Nililipeleka swali hilo semina. Tulipozikagua picha, tukakuta za mgomba mmoja zimo kote kuwili, kwenye za kufundishia programu na za kuipimia. Programu ilikuwa inaukumbuka mgomba, haiutambui ugonjwa. Tukazigawa upya kwa vihamba, usahihi ukaporomoka, na kwa mara ya kwanza tukawa na namba ya kuaminika. Kabla ya kugusa programu tena, tukakubaliana kwa maandishi: picha za kupimia zitoke Rombo, ambako haijawahi kuona jani hata moja, na kila mgomba inaodai una fuzari upasuliwe shina, mwenye kihamba akiridhia.