Kitenzi na Mkia Wake

Mzee mmoja mkulima wa Kanyangi, huko Kitui, alikuwa na shauri la mpaka wa shamba lake. Siku chache kabla ya kusikilizwa alipata barua ya Kiingereza, akampa mjukuu wake aisome. Kijana alikuta maneno "put off". Shuleni alizoea kuambiwa "put off" taa, yaani zima taa. Basi akasema, "Babu, shauri limezimwa. Limekwisha."

Mzee alimshukuru Mungu, akawaambia mashahidi wake warudi kwenye kazi zao, naye akaenda kutengeneza shamba la ndengu, maana mvua za Novemba zilikuwa karibu.

Jioni mkewe aliitazama barua. Kiingereza hakukijua, lakini tarakimu alizijua kwa biashara ya soko. Akauliza, "Ikiwa shauri limekufa, tarehe hii ni ya nini?" Barua ikapelekwa kwa mwalimu, naye akaeleza kwamba shauri limeahirishwa mpaka tarehe hiyo. Kama lingalifutwa, barua ingalisema "called off". Bila swali lile, pengine shauri lingaliamuliwa mzee hayupo.

Kosa la kijana si la uvivu. Kiswahili hubadili kitenzi kwa kukitia mkia ulioshikamana nacho: funga, fungia, fungua. Kiingereza huuacha mkia usimame peke yake, na kila mkia una maana yake: "put on" ni kuvaa, "put up with" ni kuvumilia. Tena mkia mmoja huwa na maana mbili: "put off" ikitajwa taa ni kuzima; ikitajwa siku au mkutano ni kuahirisha. Hata Samuel Johnson, Mwingereza aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, alikiri kwamba vitenzi vya namna hii huwatatiza sana wageni.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imefanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo karani amwandikiaye mkulima hakosi neno, "limeahirishwa" latosha. Naye msomaji akutanapo na kitenzi cha Kiingereza chenye mkia, atazame kwanza ni kitu gani kinachotajwa, asome sentensi mpaka mwisho, na akiona shaka aende kwa ajuaye. Kuuliza si ujinga.