Kulala Hotelini, Shangazi Yupo

Kwetu Shauri Moyo ukisema unaenda hoteli, watu wanajua unaenda kunywa chai. Hoteli ni benchi, jagi la maji ya kunawa na sahani ya matumbo. Mahali pa kulala panaitwa lojing'i, na neno hilo halitamkwi sana mbele ya watoto. Kwa hiyo nilipomwambia mke wangu, Januari 2025, kwamba natafuta hoteli ya kulala Mombasa, katikati ya mji, aliweka mwiko chini.

"Kwani shangazi amehama Majengo?"

Hajahama. Hapo ndipo penye mzigo wa safari hii, si treni wala bei ya chumba. Babu yangu alikuwa mtu wa Pangani, kile kijiji cha Waswahili cha Nairobi kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenye nyumba wakahamishiwa Shauri Moyo. Wazee wetu husimulia kwamba jina la mtaa lilitokana na jibu walilopewa walipolalamika: uhamie huko au uende zako, shauri ni la moyo wako. Tangu babu, kila mtu wa nyumba yetu anayeshuka pwani hulala kwa jamaa. Hakuna aliyewahi kulipia kitanda Mombasa. Na ukiangalia majina ya mitaa utadhani hata hakuna haja ya kuuliza njia: Majengo iko Nairobi na iko Mombasa, Makadara vilevile, na Shaurimoyo nyingine ziko Unguja na Dar es Salaam.

Lakini safari yangu haikuwa ya kutembea. Mimi ni fundi wa bati, karakana yangu iko Kamukunji, robo saa kwa miguu kutoka nyumbani ukipitia soko la Burma. Desemba na Januari tunagonga masanduku ya shule mpaka masikio yanaziba. Shule zikifunguliwa, kimya. Mwaka huo Ramadhani ilikuwa inaingia mwanzoni mwa Machi, na Mombasa wakati wa Ramadhani ni mji wa kukaanga: viazi vya karai, bajia, sambusa, kaimati. Yote hayo yanataka makarai, na makarai mengi ya huko yanatoka kwetu. Kwa miaka sita nilikuwa nauza kwa dalali anayekuja na lori, ananipa bei yake, nanyamaza. Safari hii niliamua kwenda mwenyewe, Februari, siku tatu, na vielelezo vinne mkononi, niongee na wenye maduka ana kwa ana.

Sasa, mtu wa biashara anaamkia wapi? Nyumbani kwa shangazi kuna watu tisa na bafu moja. Maji ya kuoga yananunuliwa kwa dumu kutoka kwa mkokoteni. Mombasa hunywa maji ya mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na bado mifereji ya kisiwani hukauka siku kwa siku. Shangazi hawezi kukuambia uoge kidogo. Atakujazia ndoo mbili na yeye atabaki na nusu. Nikiwa mgeni wa Idi sawa, lakini kutoka na kuingia siku tatu nikitoka jasho la soko, naona ni kumla mzee wangu mifupa. Na sikujua namna ya kumwambia hivyo bila kumtukana.

Nilianza na ramani kabla ya bei. Watu wengi wa bara wakisikia Mombasa wanafikiria Nyali, mchanga na mnazi. Nyali ni nzuri ukiwa na kazi ya kulala. Wateja wangu walikuwa Markiti, lile soko la Mackinnon la mwaka 1914 kwenye Digo Road, wengine Mwembe Tayari, mmoja Likoni. Ukilala Nyali kila asubuhi unapigana na foleni ya daraja. Mwembe Tayari ndiko mabasi ya Nairobi yanakomea, vyumba ni rahisi, ila honi hazilali. Nkrumah Road ni ya mabenki na mahakama, jioni panakuwa kimya kama msikiti baada ya isha, na chakula cha usiku utakitafuta kwa tochi. Nikabaki na Moi Avenue, upande wa Digo Road. Kutoka hapo naenda Markiti kwa miguu nikiwa nimebeba karai kichwani, na Mwembe Tayari ni tuktuk moja.

Zamani hesabu hii haikuwepo. Reli ya kwanza, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899, ilikuwa na stesheni ndani ya kisiwa, mwisho wa Haile Selassie. Babu alipanda treni jioni, akaamka mjini, akatembea hadi Majengo na mzigo begani. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inakushusha Miritini, nje ya kisiwa. Kwa hiyo yeyote anayepanga kulala mjini aongeze kwenye bajeti yake matatu au teksi ya kwenda na kurudi, na saa nzima ya kuchelewa kule Changamwe.

Halafu nikapiga simu. Nilipigia hoteli tatu, nikiwa nimekaa juu ya pipa karakanani, kidole kwenye sikio moja kwa sababu ya nyundo. Ya kwanza ilisema elfu nne, kitanda na staftahi. Nikafurahi. Nikauliza kama hiyo ndiyo bei ya mwisho. Kimya kidogo, kisha: "Hiyo ni kabla ya ushuru." VAT asilimia 16, tozo ya utalii asilimia 2. Elfu nne ikawa 4,720. Mimi bei nazihesabu kwa bati, na hiyo mia saba na ishirini haikuwa mchezo kwangu. Ya pili haikuwa na jenereta. Februari ni kaskazi, upepo ni wa joto, na stima ikipotea bila feni chumba kinakuwa tanuri. Wanaojua husema nenda wakati wa kusi, kuanzia Mei, ulale bila kiyoyozi na ulipe kidogo. Ni kweli, lakini Ramadhani haingojei kusi.

Ya tatu ilinijibu mama mmoja mwenye sauti ya kukomaa. Nilimuuliza maswali yangu yote kwa mpigo: bei ikiwa na kila kitu, jenereta, chumba cha nyuma si cha barabarani, saa ya kuingia, kama naweza kuacha mzigo mapokezi, na risiti ya eTIMS yenye PIN yangu, maana tangu Januari 2024 mamlaka ya kodi, KRA, haiitambui gharama ya biashara isiyo na risiti hiyo. Mwisho nikauliza, maji ya kuoga ni matamu au ya chumvi? Akacheka. "Ya chumvi, babangu. Ni ya kisima. Lakini hayakatiki." Huyo ndiye aliyenishika. Mtu anayekuambia ubaya wa nyumba yake kwenye simu, ukifika hutakuta mwingine. Usiku mmoja 4,500, kila kitu ndani. Nikatuma nusu kwa M-Pesa, nikaomba ujumbe wa kuthibitisha wenye tarehe na bei, nikaupata.

Tiketi ya treni nilichukua kwa simu pia, daraja la pili, 1,500. Kabla ya Januari 2024 ilikuwa elfu moja. Nilichagua treni ya saa mbili asubuhi, ile inayosimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, kwa sababu inafika mchana, na chumba hufunguliwa saa nane. Ile ya saa tisa alasiri ni ya haraka zaidi, lakini inakufikisha Miritini usiku na mzigo wa vyuma.

Kumbe vyuma vyenyewe ndivyo vilikuwa kituko. Pale Syokimau, kabla ya kuingia stesheni, abiria tulipanga mizigo yetu chini kwa mstari, tukarudi nyuma, mbwa wa polisi akapita akinusa. Masanduku ya magurudumu, mabegi, magunia, na katikati ya mstari makarai yangu manne, yamewekwa moja ndani ya jingine na kufungwa kwa kamba ya katani, yanang'aa kama mwezi. Mbwa alipita mabegi yote mbio. Kwenye makarai akasimama. Akainamisha kichwa, akatazama, akarudi nyuma hatua mbili, akabweka. Watu wote wakanigeukia. Askari akaja, akafungua kamba, akainua la kwanza, la pili. Hakuna kitu. Ndipo akatambua: mbwa alikuwa ameona mbwa mwingine ndani ya karai. Nimegonga bati miaka kumi na tisa, na sijawahi kupata sifa kubwa kama hiyo ya kazi ya kung'arisha.

Njiani sina mengi. Tsavo ilikuwa kavu, nikalala kuanzia Mtito.

Moi Avenue nilifika saa tisa na nusu. Tuktuk ilinipitisha chini ya pembe za ndovu, zile zilizosimamishwa miaka ya 1950 kuipokea familia ya kifalme ya Uingereza. Watalii hupiga picha pale. Mimi nilimwomba dereva apunguze mwendo niangalie maungio. Ni alumini, na aliyekunja alijua kukunja. Mbele kidogo ni ile hoteli ya Castle, ya mwaka 1909, yenye baraza na matao. Enzi za ukoloni mtu kama babu aliingia hoteli kubwa za namna hiyo kwa mlango wa nyuma, kupiga deki au kubeba mizigo, na kitanda chake kilikuwa Majengo. Labda ndiyo sababu nyumbani kwetu kulala hoteli hakukuwahi kuwa hata wazo. Tulichonyimwa tulikigeuza kuwa fahari ya kutokitaka.

Hoteli yangu haikuwa na matao. Ngazi nyembamba, mapokezi yenye picha ya meli, yule mama wa sauti, na chumba cha nyuma kinachotazama tangi za maji za majirani. Shuka safi. Kiyoyozi kilikuwa kikitoa mlio wa mtu anayekoroma kwa adabu. Maji, kama alivyosema: sabuni haitoi povu, unajisugua na kujisugua mpaka unakata tamaa. Lakini meza ilikuwepo, na taa juu ya meza, na usiku ule niliandika oda za siku ya kesho bila mtoto kuniketia mapajani. Sijui kama mwenye kazi ya ofisi anaielewa raha hiyo.

Shangazi nilimpigia baada ya magharibi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wafika saa ngapi? Wali u jikoni."

Nikamwambia. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu Voi: kazi, risiti, wateja wanaoamka alfajiri. Yote yakanitoka kwa fujo. Alinyamaza muda mrefu nikidhani laini imekatika.

"Walala hoteli," akasema. "Kwani mimi n'mekufa?"

Asubuhi ya pili, saa moja kasorobo, simu ya mapokezi ikalia. Kuna kijana chini, amekuja na kapu. Nikashuka. Alikuwa binamu yangu mdogo, na ndani ya kapu kulikuwa na mahamri ya moto, bakuli la mbaazi za nazi na chupa ya chai. Bawabu alikuwa amesimama katikati ya mlango akionyesha bango: chakula kutoka nje hakiruhusiwi. Mimi nilikuwa nimelipia staftahi, iko juu, soseji na mkate. Nikaangalia bango, nikaangalia kapu. Tukakaa kwenye ngazi ya barabarani, mimi na binamu, tukala pale watu wakipita kwenda kazini. Hamri la tatu nilimpa bawabu. Akalipokea, akageuka kutazama barabara, akalila mgongo ukiwa kwetu.

Biashara ilikwendaje? Markiti walichukua makarai sitini, Mwembe Tayari arobaini. Likoni nilivuka kwa feri, mtu wa miguu halipi, na mteja akaniambia nirudi baada ya Idi. Bei niliyopata kwa kila karai ilizidi ya dalali kiasi cha kulipa hoteli, treni na kubakisha. Dalali hajanipigia simu tangu hapo.

Usiku wa tatu nilihamia Majengo. Nililipia chumba usiku wa kwanza na wa pili, nikachukua risiti yenye PIN yangu, nikaangalia tarakimu zote papo hapo kaunta, na wewe fanya hivyo, maana ikikosewa kuirekebisha ukiwa Nairobi ni safari nyingine. Shangazi alinijazia ndoo mbili. Nilioga kwa moja, nikaiacha ya pili pale pale, na asubuhi nikakuta amefulia shati langu.

Safari ijayo imeshapangwa hivyo hivyo: usiku wa kwanza na wa pili Moi Avenue, chumba cha nyuma, wa tatu Majengo. Shangazi nimemwambia mapema. Anataka karai la inchi ishirini na nne, lenye mikono miwili, na amesema hatalipa.